Namna ya Kusoma Uwezo wa Karata za Magic: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Juzi usiku mezani kwangu, Soweto hapa Mbeya, tukicheza Magic: The Gathering, mchezo wa karata za viumbe na uchawi, mpwa wangu alibandika karata iitwayo Pacifism juu ya kiumbe cha mwenzake, akaegemea kiti kama mtu aliyekwisha kushinda. Kiumbe chenyewe kilikuwa Prodigal Sorcerer, mchawi mnyonge wa nguvu 1 na ugumu 1. Zamu ilipomfikia, yule mwenzake akamlaza mchawi wake, yaani akaigeuza karata ikae ubavu, na kusema, "Unakula moja."

"Nakulaje moja na nimemfunga?"

"Umemfunga miguu. Mikono hujaigusa."

Wakanigeukia wote wawili. "Mjomba, amua."

Nikawaambia wasome karata kwa sauti. Pacifism inasema kiumbe hakiwezi kushambulia wala kukinga, yaani kumzuia anayeshambulia. Basi, imeishia hapo. Mchawi yule hashambulii mtu. Karata yake inasema akilazwa anampiga yeyote 1, kwa hiyo anakaa alipo na kurusha. Mpwa wangu akala moja, akanuna mpaka chai ya tangawizi ikaisha.

Mabishano mengi ya mchezo huu huanzia hapo: mtu anacheza kile anachodhani karata inafanya, huku karata imeandikwa kitu kingine. Dawa yake si kukariri. Kitabu cha sheria kamili kina kurasa zaidi ya 200 na sijakutana na mtu aliyekikariri. Dawa ni kujua kwamba uwezo wa karata zinazokaa uwanjani huja kwa maumbo matatu tu, na kila umbo linajitambulisha kwa alama unayoweza kuiona hata kabla hujaelewa Kiingereza chake. Ukishajua umbo, utajua lini unatumika, nani anaweza kuujibu, na nini kinaweza kuuzuia.

Maneno tutakayotumia

Magic: The Gathering ilibuniwa na Richard Garfield, mwanahisabati wa Marekani, na kampuni ya Wizards of the Coast ikaitoa mwaka 1993. Kila mchezaji anakuja na karata zake mwenyewe, zisizopungua 60, na ukiacha ardhi za msingi (karata za kutoa nishati), karata ya jina moja haizidi nne. Unaanza na uhai 20 na karata 7 mkononi. Ukifika sifuri umekwisha.

Aliyezoea arubastini au lasti kadi atashangazwa na jambo moja. Kwetu sheria ziko kichwani: ukitupa mbili, jirani analamba mbili, na kila kijiwe kina nyongeza zake. Kwenye Magic nusu ya sheria imeandikwa usoni mwa karata yenyewe, na karata ikigongana na kitabu, karata ndiyo inayoshinda. Ndiyo maana kusoma ni kazi kubwa kuliko kucheza.

Karata hizi hazichapwi kwa Kiswahili, kwa hiyo mezani kwetu tumejitungia maneno. Karata zako zote naziita fungu. Deki kwetu ni ya kupiga sakafuni. Kuchukua karata ya juu ya fungu ni kulamba, kama kawaida. Kugeuza karata ikae ubavu ili kuonyesha imetumika ni kulaza, na kuirudisha ni kusimamisha. Vilivyokufa na vilivyotumika huenda kaburini. Nishati ya kulipia karata ni mana, nayo hutoka hasa kwenye ardhi. Kiumbe kina namba mbili chini kulia: ya kwanza ni nguvu, yaani kipigo anachotoa, na ya pili ni ugumu, yaani kipigo cha kumuua. Karata inayokaa uwanjani bila kuwa kiumbe, ikitoa baraka au balaa muda wote, tunaiita zindiko. Mzee mmoja jirani alipolisikia neno hilo dirishani alitaka kujua tunazindika nini humu ndani, kwa hiyo ukicheza barazani litamke taratibu.

Hatua ya kwanza: ondoa maneno yasiyo na kazi

Tazama kisanduku cha maandishi chini ya picha. Si kila kilichomo ni sheria. Maandishi ya mlazo yaliyo ndani ya mabano ni ukumbusho tu, yanamweleza mgeni maana ya neno lililotangulia. Maandishi ya mlazo yasiyo na mabano, mara nyingi chini kabisa, ni hadithi ya pambo. Yafunike kwa kidole. Kilichobaki, kwa herufi zilizosimama wima, ndicho uwezo.

Halafu kila aya ni uwezo unaojitegemea. Karata yenye aya tatu ina uwezo mara tatu, na kila mmoja unaweza kuwa wa umbo tofauti. Usizisome kama habari moja.

Hatua ya pili: tambua umbo

Tafuta nukta mbili, ile alama tunayoweka kabla ya kuorodhesha vitu. Ukiiona katikati ya sentensi, huo ni uwezo wa kulipia. Kilicho kushoto kwa nukta mbili ni bei, kilicho kulia ni bidhaa.

Kama hakuna nukta mbili, tazama neno linaloanza. Likiwa "When", "Whenever" au "At", huo ni uwezo wa mtego. Umetegwa, unasubiri tukio, tukio likitokea unafyatuka wenyewe.

Hakuna nukta mbili, wala hauanzi na maneno hayo matatu? Kwa karata inayokaa uwanjani, huo kwa kawaida ni uwezo wa kudumu. Ni tangazo tu la jinsi mambo yalivyo maadamu karata ipo.

(Karata za kutumia mara moja na kutupa kaburini, kama Lightning Bolt ya kipigo cha 3, maandishi yake ni maelekezo ya kufuata inapotumika. Hizo hazisumbui sana kichwa, tutazikuta njiani.)

Fanya zoezi hili kabla ya kucheza hata mchezo mmoja: chukua karata ishirini, zigawe mafungu matatu kwa umbo, na zile zenye aya za maumbo tofauti ziweke pembeni. Usijaribu kuelewa zinafanya nini. Kijana mmoja wa Uyole niliyemfundisha, Kiingereza chake cha kubahatisha, alimaliza zoezi hili bila kosa kabla ya ndugu yake aliye chuoni, kwa sababu ndugu alikuwa anasimama kusoma hadithi za pambo.

Hatua ya tatu: uwezo wa kulipia

Prodigal Sorcerer: laza, kisha piga mlengwa yeyote 1. Kushoto kwa nukta mbili kuna kiduara chenye mshale uliopinda, maana yake laza karata hii. Hiyo ndiyo bei. Mogg Fanatic, naye wa 1 kwa 1, bei yake ni kujitoa kafara: unampeleka kaburini kwa hiari, na mlengwa unayemtaja anakula 1.

Unaweza kuutumia uwezo wa kulipia wakati wowote una nafasi ya kutenda, hata kwenye zamu ya mwenzako, ilimradi bei unayo na karata haijaweka masharti mengine. Ukiweza kulipa mara tatu, utumie mara tatu. Bei yenye kulaza hujizuia yenyewe, kwa kuwa aliyelala halazwi tena.

Hapa kuna kanuni ya ugeni ambayo kila anayeanza huisahau. Kiumbe kilichoingia leo hakiwezi kushambulia, wala kutumia uwezo wenye ile alama ya kulaza kwenye bei, mpaka kiwe chini yako mfululizo tangu zamu yako ilipoanza. Prodigal Sorcerer aliyeingia sasa hivi hawezi kushambulia wala kurusha mpaka zamu yako ijayo. Mogg Fanatic aliyeingia sasa hivi anaweza kujitoa kafara hapo hapo, maana kwenye bei yake hamna alama ya kulaza. Kanuni haijali ukubwa wa kiumbe wala uwezo wenyewe, inaangalia alama tu.

Sasa lile linalozua ugomvi mkubwa zaidi. Unamlaza mchawi wako, unasema, "Wewe, moja." Mwenzako anarusha Lightning Bolt haraka na kumuua mchawi. Je, ile moja inampata?

Inampata. Bei ililipwa pale pale ulipotangaza, na uwezo ukishatangazwa haumtegemei tena aliyeutoa. Jiwe likishatoka kwenye manati, kumkamata mrushaji hakulirudishi. Ndivyo ilivyo hata upande wa pili: mwenzako akimlenga mchawi wako kwa Lightning Bolt, usikae kumwangalia anavyokufa. Kama amesimama na si mgeni, mlaze kwa kujibu, upige moja, ndipo afe.

Hatua ya nne: uwezo wa mtego

Soul Warden: kila kiumbe kingine kinapoingia uwanjani, unapata uhai 1. Elvish Visionary: anapoingia uwanjani, unalamba karata moja. Hulipi chochote na huchagui wakati. Tukio likitokea, mtego umefyatuka, utake usitake. Ukiona neno "may", hapo ndipo una hiari, na hiari hiyo unaitumia wakati uwezo unatekelezwa.

Jambo dogo la maandishi: karata zilizochapwa kabla ya katikati ya 2024 husema "enters the battlefield", za baadaye husema "enters" peke yake. Maana ni ile ile.

Kwa kuwa mtego hauhitaji kuamriwa, ni rahisi kuusahau. Kwenye mashindano mwenzako halazimiki kukukumbusha mtego wako. Nyumbani tunakumbushana, isipokuwa mtu akishalamba karata ya zamu yake, yaliyopita yamepita. Weka shanga au punje ya mahindi juu ya kila karata yenye mtego unaojirudia. Inasaidia kuliko kumbukumbu.

Kumuua Elvish Visionary baada ya kuingia hakumzuii mwenye kumiliki kulamba karata, kwa sababu ile ile ya manati. Ukitaka kuzuia, mzime angali anaitwa, kabla hajatia mguu uwanjani. Hiyo ni kazi ya karata kama Counterspell. Ama uwe na karata adimu inayozima uwezo wenyewe, kama Stifle, ambayo inalenga uwezo wa kulipia au wa mtego na kuufuta.

Mitego miwili ikifyatuka kwa pamoja? Ikiwa yote ni yako, unaipanga utakavyo. Una Soul Warden uwanjani na sasa ameingia Elvish Visionary: uhai na karata, chagua kipi kitangulie. Ikiwa ni ya watu wawili, mwenye zamu anaweka yake kwanza, mwenzake anaweka juu yake. Maana ya "juu yake" inakuja hatua ya sita, na ndiyo inayofanya yule asiye na zamu atekelezewe wake mapema.

Kuna mtego wenye sharti lililobanwa katikati: tukio, kisha "if", kisha matokeo. Sharti hilo hukaguliwa mara mbili, pale tukio linapotokea na tena wakati wa kutekeleza. Likikosekana mara ya kwanza, mtego haufyatuki kabisa. Likikosekana mara ya pili, unapotea hewani.

Hatua ya tano: uwezo wa kudumu

Glorious Anthem: viumbe vyako vinapata nguvu 1 na ugumu 1 zaidi. Hakuna anayeutangaza na hakuna anayeujibu. Karata ikikaa uwanjani viumbe vyako vimekua, ikiondoka vimesinyaa, sekunde hiyo hiyo. Zikiwa mbili, nyongeza ni mbili.

Hiki hapa kisa kilichotokea mezani, nakieleza polepole kwa sababu kinafundisha kuliko maelezo yangu. Binamu yangu wa Mafinga alikuwa na Glorious Anthem na Grizzly Bears, dubu wa 2 kwa 2 ambaye kwa zindiko hilo alikuwa 3 kwa 3. Akashambulia. Nikakinga kwa kiumbe changu cha 2 kwa 2. Dubu akatoa 3, changu kikafa; changu kikatoa 2, dubu mwenye ugumu 3 akabaki hai. Binamu akacheka. Kipigo lakini hakifutiki mpaka zamu iishe, kwa hiyo dubu alikuwa amesimama na majeraha 2 mwilini. Nikatoa Disenchant, karata inayovunja zindiko moja, nikailenga Glorious Anthem. Zindiko likavunjika, dubu akarudi kuwa 2 kwa 2 akiwa na majeraha 2. Akaenda kaburini bila mtu kumgusa tena.

Binamu akasema nimeiba. Nikamwomba anionyeshe wapi pameandikwa kwamba nguvu za jana zinabaki.

Pacifism nayo, baada ya kubandikwa, ni uwezo wa kudumu wa kukataza. Hapa ujue kanuni fupi inayoamua kesi nyingi: karata moja ikisema "inaweza" na nyingine ikisema "haiwezi", haiwezi hushinda. Haijalishi ipi imetangulia.

Hatua ya sita: rundo

Kama una haraka, ruka zote, soma hii. Rundo ndilo moyo wa mchezo.

Karata unazocheza (ukiacha ardhi), uwezo wa kulipia na uwezo wa mtego havitekelezwi papo hapo. Vinawekwa kwanza kwenye rundo, na kila mchezaji anapewa nafasi ya kujibu. Akijibu, jibu lake linakaa juu. Wote wakisema "sina", cha juu kabisa kinatekelezwa, kisha nafasi ya kujibu inafunguliwa tena kabla ya kinachofuata. Ni kama sahani zilizooshwa shughulini: iliyowekwa mwisho ndiyo inayochukuliwa kwanza. Lasti kadi ina kivuli cha jambo hili pale jirani anapojibu mbili yako kwa mbili yake na mzigo ukasonga mbele, lakini hapa mzigo unateremka kuanzia juu.

Fanya kwa mikono. Tengeneza eneo katikati ya meza na kila kinachotangazwa kiwekwe hapo kwa kupandana. Uwezo usio na karata yake ya kuweka, andika kwenye kipande cha manila.

Mfano. Nina Grizzly Bears wa 2 kwa 2. Unarusha Shock, kipigo cha 2, kumlenga. Shock iko mezani katikati. Najibu kwa Giant Growth, inayompa dubu nyongeza ya 3 kwa 3 mpaka zamu iishe, naiweka juu ya Shock. Ukisema "sina", Giant Growth inatekelezwa kwanza, dubu anakuwa 5 kwa 5. Kisha Shock inampiga 2. Anaishi.

Lakini tuseme hukusema "sina". Ulikuwa na Lightning Bolt mkononi na ukaiweka juu ya Giant Growth. Sasa kinachoanza ni Lightning Bolt: kipigo cha 3 kwa dubu ambaye bado ni 2 kwa 2, maana Giant Growth haijatekelezwa. Anakufa. Inafuata Giant Growth, inamtafuta mlengwa wake, hayupo, inakwenda kaburini bure. Inafuata Shock, nayo haina wa kumpiga. Nimepoteza karata mbili, umetumia mbili, na dubu amekwenda. Shock ni ile ile na Giant Growth ni ile ile. Kilichobadilika ni nani alikaa juu ya nani. Kwa hiyo kabla ya kukimbilia kujibu, hesabu ardhi alizosimamisha mwenzako. Akiwa na mana, chukulia ana jibu.

Aina mbili za uwezo haziingii kwenye rundo. Kwanza, uwezo wa kudumu, kama tulivyoona. Pili, uwezo wa kutoa mana. Llanowar Elves akilazwa anatoa mana 1 ya kijani mara moja, na huwezi kusema "ngoja, namuua kabla hajatoa". (Kanuni ya ugeni bado inamshika, ana alama ya kulaza kwenye bei.)

Mfumo huu wa rundo uliingizwa mwaka 1999 na Toleo la Sita, na kipigo cha vitani kilikuwa kinapitia rundo mpaka kanuni zilipobadilishwa mwaka 2009. Nakitaja kwa sababu utakutana na mkongwe anayemkingisha Mogg Fanatic, anasubiri kipigo kiwekwe rundoni, kisha anamtoa kafara ili apige mara mbili. Enzi zake ilikuwa halali. Leo achague: apige vitani au ajitoe kafara kabla.

Hatua ya saba: mlengwa

Neno "target" ndilo linaloonyesha kulenga, na lisipokuwepo kwa kawaida hakuna aliyelengwa, hata kama inaonekana hivyo (zindiko la kubandika kama Pacifism ni tofauti, hulenga linapochezwa). Walengwa hutajwa wakati wa kutangaza na hukaguliwa tena wakati wa kutekeleza. Wote wakiwa hawafai tena, uwezo mzima unakufa, pamoja na sehemu zake ambazo hazikuhusu kulenga.

Faida ya kulijua hili utaiona kwa kiumbe chenye "hexproof", ambacho wapinzani hawawezi kukilenga. Watu hukata tamaa wakikiona. Day of Judgment inaangamiza viumbe vyote, haina neno "target" ndani yake, na kiumbe hicho kinakwenda na wengine.

Hatua ya nane: uwezo wa neno moja

Baadhi ya uwezo umezoeleka hata ukafupishwa kuwa neno moja. Sitakuorodheshea yote, ni mengi na yanaongezwa kila mwaka. Haya ndiyo utakayokutana nayo jioni ya kwanza, na majina tuliyoyapa: "flying", kuruka, hukingwa na wanaoruka tu au wenye "reach", mkono mrefu, kama Giant Spider. "Vigilance", kukesha, anashambulia bila kulala. Serra Angel anaruka na anakesha. "Haste", haraka, haguswi na kanuni ya ugeni. "First strike", anapiga kwanza, na akiua hapigwi. "Lifelink", kipigo anachotoa unakipata kama uhai. "Trample", kukanyaga, kipigo kinachozidi kumuua aliyekinga kinampata mchezaji. "Deathtouch", mguso wa mauti, kipigo chochote kutoka kwake kinaua kiumbe. Typhoid Rats, panya wa mana moja, anatisha majitu kwa neno hilo.

Utamu uko kwenye kuyaunganisha. Kiumbe cha 5 kwa 5 chenye kukanyaga na mguso wa mauti kimekingwa na cha 4 kwa 4. Wengi hutoa 4 kwa aliyekinga na 1 kwa mchezaji. Lakini kwa mguso wa mauti, 1 tu inatosha kuua, kwa hiyo mpe aliyekinga 1 na mchezaji 4. Ongeza mguso wa mauti juu ya kupiga kwanza na hakuna wa kawaida atakayekinga akarudisha pigo.

"Indestructible" linadanganya kwa jina lake. Asiyeangamizika hafi kwa kipigo, kwa mguso wa mauti, wala kwa karata inayosema "destroy". Ila ugumu wake ukipunguzwa mpaka sifuri anakwenda kaburini kama wengine, na mwenyewe akilazimishwa kutoa kafara anaweza kumtoa.

Mkikwama

Karata za zamani zina maandishi yaliyopitwa na wakati. Maandishi rasmi ya leo ya kila karata, pamoja na ufafanuzi wa kesi ngumu, yako Gatherer, hazina ya karata ya Wizards wenyewe, bure, na hata bando dogo linatosha kuifungua. Programu ya Magic Arena kwenye simu nayo inasimamia sheria yenyewe bila kukosea sana, ila inafanya haraka mno kwa anayejifunza rundo. Ningekushauri uanze na meza.

Sisi tuna daftari. Umeme ukikatika au mtandao ukigoma, tunarusha sarafu, tunaendelea, na swali linaandikwa ili litafutwe kesho. La mwisho kuandikwa linamhusu Blood Artist, ambaye yeye au kiumbe kingine kinapokufa, mchezaji anayelengwa anapoteza uhai 1 na mwenye Blood Artist anapata 1. Mpwa wangu alikuwa naye pamoja na viumbe vingine viwili, nikatoa Day of Judgment, wote watatu wakafa kwa mkupuo. Nikasema mtego haukufyatuka kwa wenzake kwa kuwa mwenyewe alikufa nao wakati ule ule. Sarafu ikanipa haki.

Asubuhi yake mpwa alinitumia jibu kabla sijanywa chai. Mitego ya kufa hutazama nyuma, uwanja ulivyokuwa kabla tu ya kifo, kwa hiyo Blood Artist aliwaona wote watatu, yeye mwenyewe akiwemo. Nilitakiwa kupoteza 3. Nilikuwa nimemaliza mchezo ule na uhai 2.